Mlima Ukifunguka

Kwetu mlimani tuna masika, maji yanaposhuka mtaani na viatu vya watu. Tuna kiangazi, vumbi linapopenya mpaka ndani ya kabati. Halafu tuna kipupwe, msimu ninaouchukia kwa moyo wangu wote. Ukungu unaingia ndani bila hodi. Chumvi inatoa machozi koponi, kiberiti kinagoma, na nguo zilizofuliwa tangu juzi zinangoja pasi yangu ya mkaa, maana mimi ni fundi cherehani na watu wa nyumba yangu wanadhani pasi ya biashara ni mali ya ukoo.

Zaidi ya hayo, kipupwe kinatuibia mlima. Kilele kiko palepale juu ya mapaa yetu, lakini wiki nzima inapita hujakiona. Kwa hiyo kikijitokeza, anayekiona kwanza hupiga ukelele, "Umefunguka!" na mtaa mzima unageuka. Kinyozi anatoka na mashine mkononi, kamwacha mteja na nusu kichwa. Mimi hutoka na pini mdomoni, nikishangilia kwa pua. Ni dakika chache tu, kisha ukungu unafunga, na kila mtu anarudi kazini na furaha isiyo na sababu.

Mwaka jana daktari alimwambia mama mkwe wangu kwamba kifua chake hakitastahimili kipupwe kingine. Ikaamuliwa ahamie kwa shemeji, mdogo wa mume wangu, anayeishi bondeni kwenye joto la mwaka mzima. Mama hakubisha. Alitoa sharti moja tu.

"Nipigwe picha pamoja na nyie wote, mlima ukiwa nyuma yetu. Bila hivyo, kunitoa hapa mtanifunga kamba."

Nilitaka kulia, badala yake nikamgombeza mume wangu kuhusu mkaa. Ndivyo nilivyo. Mama ndiye aliyenifundisha kukata kola. Kila siku alikaa kando ya cherehani yangu akishona vifungo, akikosoa mishono yangu na kupokea umbea wa wateja kabla haujanifikia.

Shemeji akaja na pikapu, akasema Jumapili mchana lazima aondoke, kazini wanamngoja. Jumamosi kutwa tulikaa uani tumependeza, na ukungu ulikuwa mzito hata choo chetu hatukukiona. Mpiga picha wa mtaani, tunayemwita Tabasamu kwa sababu ndilo neno analolijua kuliko mengine yote, akaleta shauri.

"Studio nina pazia lililochorwa mlima. Lina mpaka maporomoko ya maji."

"Na bata," akasema mume wangu. Picha ya harusi yetu tulipigia hapo.

Mama akatikisa kichwa. "Baba, huo mlima mimi siujui, na wenyewe haunijui. Nenda ukapumzike, kesho uje."

Jumapili asubuhi kaupepo kakaanza kuuchanachana ukungu. Mbio mbio tukajipanga. Mama tulimweka katikati kwenye kiti chake kizito cha mikono, nikamzungushia blanketi mpaka kwapani. Watoto wakakaa ubavuni mwake, sisi wakubwa tukasimama nyuma, migongo yetu imeelekea mlimani.

"Asigeuke mtu!" Tabasamu akaamuru, kamera jichoni. "Kuuona ni kazi yangu. Nyie tabasamuni."

Tukatabasamu hadi mashavu yakauma. Ukungu ukasogea, ukarudi. Shemeji akaanza kuangalia saa yake.

"Basi, wanangu," mama akasema taratibu. "Kama hautaki kuniaga, hautaki." Roho iliniuma, nikamshika bega.

Mara Tabasamu akaachama mdomo, akasahau amri yake mwenyewe, akapiga ukelele:

"Umefunguka!"

Tukageuka wote. Mume wangu, shemeji, watoto, mimi, sote kwa mpigo, kama tulivyozoea tangu tupate akili. Kilele kilisimama pale kisafi, jua limekipiga ubavuni, kipo karibu utadhani utakipapasa. Tukapiga vigelegele. Nyuma yetu nikasikia kamera inalia, kisha sauti ndogo:

"Jamani, nigeuzeni na mimi."

Tulikuwa tumemsahau! Tukakirukia kiti. Blanketi likanasa mguuni, shemeji akavutia huku, mume wangu akavutia kule. Tulipofanikiwa kumgeuza, mbele yake palikuwa na ukungu mtupu.

Nikamfokea Tabasamu, nikamfokea shemeji, nikafokea hata kiti. Halafu nikaketi kwenye majani mabichi nikalia. Watu wote wale, tulishindwa kumgeuza mama mmoja.

Tabasamu akapiga magoti mbele yake, akamwonyesha kioo cha kamera, nami nikachungulia. Mlima ulikuwamo wote. Chini yake visogo vyetu vimejipanga safu. Na katikati uso mmoja tu, wa mama, macho yamemtoka, anashangaa watu wake wamepatwa na nini.

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, kumbe anacheka, akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Kwa hiyo mimi peke yangu ndiye niliyekaa kama mtu!" Kisha akanigeukia. "Na wewe inuka, mwanangu. Ona, lebo ya gauni lako iko nje shingoni, na eti ni fundi."

"Tupige nyingine, mama? Tungoje kidogo."

"Ya nini? Hivi ndivyo mlivyo."

Mchana akaondoka na blanketi lake, akipunga mkono dirishani mwa pikapu mpaka kona ikamficha.

Sasa picha imetundikwa sebuleni kwa shemeji, nyuma ya kiti anachopenda mama kukalia. Anasema kila mgeni humuuliza hao wote wanaangalia nini, naye hapo hapo amepata pa kuanzia hadithi. Kifua kimepona. Joto analilaani kila siku.

Kipupwe kimerudi. Kigoda chake kando ya cherehani hakikaliwi na mteja yeyote, akijaribu namfokea. Jana kinyozi alipiga ukelele, nikatoka mbio, simu nikiwa nimeshaipiga. Nikatema pini.

"Mama! Umefunguka!"

Nikasikia kiti kikikwaruza sakafu, huko mbali kwenye joto.

"Ngoja kwanza," akasema, "nigeuke."