Kitanda Kilichompembea Mama

Sina subira, na sijawahi kuwa nayo. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nikitanguliza miguu kwa sababu nilichoka kungoja. Sasa mtu kama mimi kuolewa na Kefa! Kefa, ambaye akiokota gurudumu bovu la baiskeli aliweza kukaa nalo mapajani mchana kutwa akilizungusha na kutabasamu.

Mwaka ule wa 1944 tulikuwa tukikaa Mwakirunge, karibu na machimbo ya mawe. Kefa alikuwa dresa, msaidizi wa daktari, katika zahanati ya wachimbaji, chumba kimoja cha mabati chenye kabati moja na kipimo kimoja cha homa. Kabla ya hapo alifagia wodi za wanamaji kule Mtongwe, na ukiniuliza mimi, huko ndiko alikoharibikiwa. Siku moja alimwona baharia aliyezama akitolewa majini hana pumzi. Wenzake walimfunga kwenye machela, wakaiweka machela juu ya kigogo, wakawa wanampembea, kichwa chini miguu juu, miguu chini kichwa juu, mpaka akatapika maji na kuanza kutukana. Kefa alirudi nyumbani hawezi kula.

"Mke wangu Dhahabu," akaniambia, "kumbe ni matumbo! Yakishuka yanavuta hewa, yakipanda yanaisukuma nje. Ni kama pampu ya baiskeli."

Nikamwambia pampu ya baiskeli haisongi sima.

Tulipohamia Mwakirunge alichukua kitanda chetu cha kamba, kitanda cha harusi yetu, akakipitishia boriti katikati kiweze kuinama huku na huku. Juu yake akatundika debe lenye matundu ya msumari, la kudondosha maji. Pembeni akafunga lile gurudumu, kalitia mabawa ya gunia, ukilizungusha linavuma upepo. Alisema kitamfaa mchimbaji aliyeangushwa na jua, na kitamfaa aliyezama. Daktari wa kizungu aliyekagua zahanati kila mwezi alikitazama mara moja tu, akasema, "Ondoa takataka hii." Basi takataka ikaja uani kwangu, ikawekwa katika kibanda cha makuti, na sisi tukawa tunalala mkekani. Nilikasirika na sikuficha.

Mwezi wa pili nilijifungua mtoto wetu wa kwanza, Masha, na mama yangu, Nyamvula, akaja kutoka Kaloleni kunilea uzazi. Hapa lazima nieleze jambo moja. Katika ukoo wetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Kefa akifika langoni alikohoa, mama akanyanyua kigoda chake akaenda nyuma ya jiko. Salamu zilipitia kwangu. "Mwambie baba Masha, hajambo?" "Mwambie mama, shikamoo, mimi sijambo." Ukuta wa makuti ndio uliowatenga, kila mmoja akimsikia mwenzake vizuri, lakini mimi nilitumwa huku na huku kama tarishi. Na kwetu mkwe akishauona mwili wa mama mkwe, hawakai tena ua mmoja mpaka kufa. Mama alikuwa mkali wa mila hiyo kuliko wazee wenyewe.

Mwezi wa tatu jua lilituchoma vibaya. Mama alitaka konde langu liwe tayari kabla ya masika. Nilimsihi angoje jua lipungue.

"Hata!" akasema. "Leo ndiwe wa kunifundisha mimi kungoja?"

Akaenda na jembe lake. Saa saba mchana nikasikia ukelele wa jirani yetu, Bi Mwanaima, mama wa Kiislamu aliyekuwa akilima mpaka mmoja nasi. Nilipofika nilimkuta mama ameanguka kifudifudi juu ya tuta.

Tulimbeba mpaka jikoni. Ngozi yake iliunguza mikono. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuniona, na alikuwa akimwita dada yake aliyekufa zamani.

"Mtu huyu yuwaka moto," Bi Mwanaima akasema. "Ni homa hii. Tumfukize."

Nami sikuwa na shaka. Homa dawa yake tuliijua tangu utoto: mfunike mgonjwa, mfukize, jasho litoke na homa itoke nalo. Nilimfunika mablanketi mawili. Bi Mwanaima akachemsha chungu cha majani ya mwarobaini, nikakiingiza kikifuka mvuke chini ya blanketi, karibu na kifua chake. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu. Mpaka leo nikikumbuka hilo siwezi kukaa kitako.

Kefa alipata habari akaja mbio. Safari hii hakukohoa. Alisimama nje ya mlango wa jiko, mgongo kautupa kwetu.

"Dhahabu! Anatoka jasho?"

"Bado. Chungu ndiyo kwanza kimeingia."

"Anatetemeka?"

"Hatetemeki. Baba Masha, niache nifanye kazi."

"Jana au juzi alilalamika baridi? Kichwa? Viungo?"

"Hapana! Asubuhi alikula akaenda kulima. Maswali ya nini?"

Akarudisha mkono nyuma, bila kugeuka, akanipa kipimo cha homa. "Mtie kwapani. Usikiondoe mpaka nikuambie."

Kungoja kule kuliniua. Nilipomrudishia, maana mimi tarakimu sikuzijua, nilimsikia akishusha pumzi.

"Mia moja na nane, na mtu mzima ni tisini na nane. Toa chungu! Toa mablanketi! Mnampika!"

"Lakini ni homa..."

"Darubini ya kutazamia kama damu ina malaria iko mjini, na mama hana hata saa moja ya kungoja. Nimeuliza nilivyoweza kuuliza. Alikuwa mzima asubuhi, hakusikia baridi, hatetemeki, na ngozi ni kavu. Hilo ni jua, Dhahabu. Mwili wake umeshindwa kujipoza, na wewe unamwongezea moto."

Nilitaka kubishana. Nilikuwa na miaka mitatu ya kubishana na Kefa na mara nyingi nilishinda. Lakini nilimgusa mama shingoni, chini ya blanketi lililojaa mvuke, na palikuwa pakavu kama kigae. Nikakivuta chungu kile nikakirusha nje, kikavunjika.

Tulimhamishia kwenye kitanda cha Kefa. Kibanda kilikuwa wazi pande zote, tukakizungushia leso zangu zote na mbili za Bi Mwanaima. Kefa alibaki nje ya leso, kwenye gurudumu, akizungusha. Sisi ndani tulimvua mama nguo, tukamfunika shuka nyepesi ya marekani, tukajaza debe maji ya mtungini.

"Shuka isikauke!" alikuwa akipaza sauti. "Mkandeni mikono na miguu, damu itembee! Upepo ndio unaobeba joto!"

Upepo ulivuma juu ya shuka ile na mimi mwenyewe nikasikia baridi. Sijui ni muda gani ulipita. Nilimgusa kifua nikakiona kimepungua moto, nikamwambia Kefa, akacheka kwa sauti huko nje, na mimi nikampenda ghafla kwa namna ambayo sikuwa nimempenda tangu harusi.

Kisha mama akakoroma mara moja, akanyamaza. Bi Mwanaima akaweka kiganja puani pake.

"Dhahabu," akasema taratibu. "Hapumui."

"Mfungeni mikono na miguu kwa kanga!" Kefa akasema. "Mpembeeni! Kichwa chini kwanza, kisha miguu!"

Tulimfunga. Bi Mwanaima alikuwa ameshapita miaka sitini, na mimi nilikuwa nimetoka arobaini jana yake. Kitanda kilikuwa kizito. Tena mimi nilikisukuma kwa haraka zangu zote, juu chini, juu chini, hata mama akaanza kuteleza na kichwa chake kikagonga mti.

"Polepole! Kumi na mbili kwa dakika, Dhahabu! Unampembea mara arobaini, hewa haipati nafasi ya kuingia!"

"Siwezi! Ingia wewe!"

Gurudumu likasimama. "Ni mama mkwe."

"Ingia!"

"Akifumbua macho akiniona..."

"Kwanza ayafumbue!"

Bi Mwanaima alikuwa akitweta, ameshika mguu wa kitanda. "Mwanangu Kefa," akamwita, "mficha uchi hazai. Ndoo, baba. Ndoo uingie."

Akasukuma leso akaingia. Shuka ilikuwa imeteleza mpaka kiunoni na hapakuwa na wakati wa kuirudisha. Hakufumba macho. Angefumbaje, naye alitakiwa kutazama kifua? Alishika ubao wa kitanda akakiinamisha, akakiinua, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto, huku akihesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Akifika kumi na mbili alitua, akamtazama, akaanza tena. Nilitaka kumpigia kelele aharakishe. Nilijiuma mkono nisiseme.

Sijui alianza upya mara ngapi. Najua kwamba mama alikohoa, mbavu zikainuka zenyewe, zikashuka, zikainuka. Akafumbua macho. Uso wa Kefa ulikuwa juu yake, hauko mbali hata mkono mmoja, na macho yao yakakutana. Kisha mama akayafumba. Kefa akakiachia kitanda, akatoka kinyumenyume, akarudi kuzungusha gurudumu.

Tuliafikiana siku ileile kumficha mama. "Wallahi, mimi sikuona mwanamume humu," Bi Mwanaima akasema. Kesho yake mama aliponiuliza nani alimtibu, nilimjibu ni mimi na Bi Mwanaima. "Vyema," akasema, na hakuuliza tena. Kefa akawa anakohoa langoni, mama anakwenda nyuma ya jiko, salamu zinapita kwangu. Watu wa machimboni wakanisifu: mtoto wa kike kamrudisha mama yake kutoka kaburini! Nilizipokea sifa zile na zilikuwa zikinichoma.

Siku ya tisa daktari akaja, peke yake, kasikia habari machimboni, akaomba aonyeshwe kitanda. Hakukiita takataka safari hii. Alikizunguka kitanda, akakiinamisha, akalizungusha gurudumu. Alisema bandarini wachochea makaa wanaanguka kwa joto katika vyumba vya mitambo ya meli, na wengine pumzi zinakatika kabla barafu ya kuwapoza haijafika. Akafungua daftari. Kefa alisimama mbele yake, mikono nyuma. Siku hii aliingojea tangu Mtongwe.

"Nani aliyempembea mgonjwa?"

Mama alikuwa nyuma ya jiko na Masha. Ukuta ni makuti.

"Mke wangu, bwana," Kefa akasema. "Mimi sikuwemo ndani."

Daktari akanigeukia. "Mara ngapi kwa dakika? Ulianza kichwa au miguu? Pumzi ilirudi baada ya muda gani?"

 Nikasema sikuhesabu. Nikasema sijui kuhesabu.

"Basi hakuna ushahidi," daktari akasema, si kwa ubaya. "Labda angeamka mwenyewe. Siwezi kuandika kitu ambacho hakuna aliyekiona." Akafunga daftari. Nilimtazama Kefa, naye alikuwa ameangalia chini. Nilimwonea uchungu hata nikaona hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

"Daktari."

Mama alikuwa ametoka nyuma ya jiko. Alisimama katikati ya ua, mtoto begani, mahali ambapo kila mtu alimwona, Kefa naye alimwona.

"Aliyenipembea ni huyu mkwe wangu," akasema. "Mwanangu ananificha. Mimi nilianza kusikia kabla ya kuona. Nilimsikia akihesabu. Alifika kumi na mbili, akatua, akaanza tena. Nilimsikia mara sita. Ya saba ndipo nikafumbua macho nikamwona. Andika."

Daktari akaketi juu ya kinu changu akaandika. Kisha akamuuliza Kefa, na Kefa akajibu, mwanzo kwa sauti ndogo, halafu hakunyamazika tena. Waliongea mpaka alasiri. Kitanda kikachorwa kwa vipimo vyake vyote.

Mama hakungoja wamalize. Aliingia jikoni akafunga kapu lake. Nilimfuata nikilia, nikimwambia kwamba alijua siku zote, na angenyamaza tu tungekaa hivihivi, nani angetulazimisha?

"Mimi ningenyamaza mwaka mzima," akasema. "Lakini umemsikia mzungu? Amesema hakuna aliyeona. Na watu wanakufa huko melini." Akanipa Masha. "Sasa nimesema mbele za watu kwamba ameniona, mwanangu. Nikilisema nimelisema."

Nikamwomba alale hata usiku mmoja. Akakataa. Alipita kibandani, daktari na Kefa wameinamia daftari, hakugeuza shingo, akashika njia ya Kaloleni peke yake. Aliishi miaka kumi na minne baada ya siku ile, na kila mwaka nilikwenda kwake na watoto wangu bila baba yao. Kila nilipofika, kabla hata sijatua mzigo, swali lake la kwanza lilikuwa kama Kefa hajambo.