Hakuna Tahadhari

...na kama uhusiano wa jedwali la wagonjwa na la tahadhari umekaa sawa, basi akimwita mgonjwa mmoja tu, tahadhari zake zote, za dawa zinazomdhuru, zinakuja zenyewe, kama vifaranga nyuma ya kuku, ndivyo yeye, mtengeneza mfumo wa hospitali, alivyowaeleza manesi siku ya mafunzo, maana nesi huwezi kumwambia habari za majedwali na maktaba ya Python, misimbo iliyoandikwa tayari, akakusikiliza, unamwambia kuku na vifaranga anacheka na anaelewa, haya, tuone, akabonyeza, na skrini ikamrudishia mabano mawili yasiyo na kitu ndani, tupu, akakuna kichwa, akamwita mgonjwa mwingine kati ya waliounganishwa mafaili jana, tupu, wa tatu, tupu... labda maktaba imemfanyia uvivu, inao uvivu wake, haileti kitu mpaka uiulize kwa jina, akaiuliza kwa jina, tupu. "Leo kimya hivyo, wamekukatia umeme kichwani?" alisema jirani wa meza ya pili, mtani wake wa kila asubuhi, kikombe mkononi, naye akamjibu "nakuja," jibu lisilohusiana na swali, kwa sababu alikuwa ameshairudia kazi ya jana kwenye data za majaribio na kuiamuru maktaba imwonyeshe kila amri inayoituma kwenye hifadhidata, na mistari ilikuwa ikishuka mmoja mmoja. Kazi ya jana ilikuwa ya kujivunia, kuunganisha mafaili ya watu walioandikishwa mara mbili hospitalini, maana karani wa mapokezi akimkosa mtu kwenye mashine anamwandikisha upya, foleni imefika mlangoni, nani ana muda wa kutafuta, basi hamisha mahudhurio kwenye faili jipya, hamisha vipimo, futa faili la zamani, kiongozi wa timu akasema mikono yako ibusiwe... mahudhurio, vipimo, futa, alirudia kwa midomo, mahudhurio, vipimo, na tahadhari je? Ule mstari ulikuwa pale, mfupi, hauna makuu: futa tahadhari zote za mgonjwa huyu. Nani kakutuma wewe? Lakini alijua nani kautuma, yeye mwenyewe, siku alipoandika kwenye uhusiano kwamba tahadhari isiyo na mgonjwa ni yatima, na yatima wafutwe wasijaze nafasi, aliona ni usafi, yeye ni mtu wa usafi, hata jikoni kwa mama yake alikuwa akitupa vikombe vilivyokosa visahani, na mama anasimama mlangoni, "Wewe binti, siku moja utanitupa na mimi"...

Mama. Mama yuko huko, ng'ambo ya mji, kwenye wodi ya upasuaji, alianguka bafuni akavunjika nyonga, na siku ile ya kilio na machela karani hakumwona kwenye mashine kwa sababu zamani aliandikishwa kwa jina la marehemu mumewe, akamfungulia faili jipya, kwa hiyo mama alikuwa na mafaili mawili, na tangu jana analo moja. La zamani ndilo lililokuwa na tahadhari moja, mstari wa kwanza kabisa aliouandika alipokuwa akijaribu mfumo, penisilini, asiguswe nayo, maana yeye alikuwepo, mtoto wa shule, sare bado mwilini, mama karudi kutoka kuchomwa sindano ya kidonda cha mguu, akaketi kitandani, akasema kuna kitu kinaniwasha, midomo ikavimba, macho yakafukiwa na uso, na pumzi ikawa inapiga mluzi kama birika, yeye amesimama na bilauri ya maji asijue amnyweshe wapi, mpaka jirani mwenye gari alipokuja kumbeba. Daktari alisema, mara ya pili hatafika hapa. Vidole viliandika namba ya faili la mama kabla hajaviruhusu. Tupu. Na kwenye skrini ya nesi si patupu, hilo ndilo baya, hapo pameandikwa kwa kijani Hakuna Tahadhari, yeye ndiye aliyeng'ang'ania, akasema nafasi tupu inawatia watu hofu, tuweke neno la kuwatuliza. Akakumbuka ujumbe wa sauti wa mdogo wake, aliousikiliza akicheka alipokuwa akifungua kompyuta, "Dada, mama yako ana vituko, kaulizwa kama kuna dawa inayomdhuru, kasema msinichoshe, mwanangu ndiye mwenye hiyo kompyuta, kila kitu changu kakiweka humo, wodi nzima imecheka, haya, wanamwandaa, dripu ishatundikwa, mimi wamenitoa nje"... alicheka, Mungu wangu, alicheka. Namba ya mdogo wake haipatikani. Ya wodi inaita, inaita, jirani kasimama na kikombe chake, "Kuna nini?", naye akamwinulia kiganja, inaita, labda penisilini wanaanza nayo mapema, kabla ya kisu, kuzuia usaha, labda bado, labda mama anamwambia mtu kinaniwasha na mtu anamwambia tulia mama...

"Wodi ya upasuaji, habari." Sauti changa, ya upole. "Nesi, mimi ni binti wa yule mama wa nyonga, msimpe penisilini, nakuomba, ilitaka kumuua." "Pole, dada, ondoa wasiwasi, nimemwangalia mwenyewe, pameandikwa hakuna tahadhari." "Hapo pamekosewa." "Pamekosewa na nani?" Na mimi, alitaka kusema, lakini nesi akaendelea kwa huruma, polepole, kama mtu anayemtuliza mtoto, "Nakuelewa dada, ndugu mnakuwa na hofu, ila tulifundishwa, ndugu akisema hivi na skrini ikasema vile, tufuate skrini," na hapo akayatambua maneno, yalikuwa yake, alisimama mbele yao na kalamu ya ubao, kavaa blauzi nzuri, ndugu wanasahau, aliwaambia, ndugu wanachanganya, mashine haisahau, na wao wakaandika, huyu naye alikuwemo, aliandika, mwanafunzi mzuri, na wote wale waliofutiwa tahadhari jana wana nesi kama huyu. "Usikate, dada, ngoja nikaangalie tena." Nenda kitandani, alisema, kafunge dripu, usiende kwenye kompyuta, nenda kitandani, lakini mkono wa simu ulikuwa umeshalazwa mezani, akasikia kiti kikivutwa, na vidole vikibonyeza namba ya faili, taratibu, moja moja.