Taarifa kwa Mdomo

Mama alibisha hodi kwenye mlango wa mahakama. Mlango wenyewe ulikuwa wazi, umeshikiliwa na tofali, na watu walikuwa wakiingia na kutoka bila hata kutazamana. Yeye alisimama kizingitini, mkoba kifuani, akasema, "Hodi humu ndani," kisha akangoja. Karani aliinua uso kutoka kwenye mafaili, akaangalia kushoto na kulia kutafuta ni nani anayepaswa kujibu. Alipoona hakuna, akajibu mwenyewe kwa haya: "Karibu, mama." Ndipo akaingia. Mimi nilikuwa nyuma yake na faili mkononi, nikamsukuma kidogo mgongoni, maana watu walishaanza kucheka. Ningekuwa na akili siku ile ningejua palepale kwamba kesi yetu imekwisha.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, karani katika ofisi ya wakili. Kutwa nilichapa mikataba ya upangaji, hati za mauzo, rehani na mazuio, na maneno hayo yalikuwa yamenipanda kichwani. Paka wetu nilimwita mpangaji asiye na mkataba. Mjomba alipokuja kukaa wiki moja akakaa miezi minne, nilimwonya mama amwangalie vizuri, asije akadai umiliki kwa ukaaji wa muda mrefu. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi, kisha akasema elimu yangu itakuja kututia matatani. Sikumsikiliza. Nani anamsikiliza mama yake akiwa na miaka ishirini na sita?

Nyumba yetu ilikuwa kwenye kiwanja cha nyuma. Kushoto palikuwa na ukuta wa ghala, kulia ukuta wa shule, nyuma mtaro mpana wa maji machafu. Mbele, kati yetu na barabara, kilikaa kiwanja cha fundi cherehani. Baba alikipata kiwanja kile kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka. Nani anunue ardhi asiyoweza kuifikia? Lakini fundi alimwambia, "Piteni hapa kwangu, jirani," akamwonyesha ujia kando ya ukuta wake. Hatua arobaini na moja kutoka barabarani hadi mlangoni kwetu. Nilizihesabu nikiwa mdogo, nikazihesabu tena nilipokua, na miguu ilivyorefuka zikapungua, ila kwangu zimebaki arobaini na moja. Hakuna karatasi iliyoutaja ujia huo. Neno la fundi ndilo lililokuwa hati yetu.

Baba alifariki tukiwa wadogo. Mama alibaki akipika shuleni, akitoka mapema na kurudi alasiri, na kila alipofika kwenye ujia alisema, "Hodi, fundi, napita." Fundi naye, bila kusimamisha cherehani, "Karibu, pita." Miaka thelathini na mmoja, tangu alipoolewa. Siku nyingine alikuwa na pini mdomoni, basi alijibu kwa kuguna, na mama alihesabu kuguna kuwa karibu. Sisi watoto tulipita mbio kimyakimya, na tulipokamatwa tulirudishwa hadi barabarani tuanze upya.

Fundi alipofariki, warithi wake waliiuza nyumba. Aliyenunua alikuwa nesi mstaafu, mwanamke mrefu, mwenye hati miliki safi isiyotaja njia ya mtu yeyote. Haukupita mwezi, akaweka geti la chuma mbele ya ujia, na kwenye geti akaning'iniza kufuli kubwa.

Alikuja kutueleza mwenyewe, hilo siwezi kumnyima. Mumewe alikuwa amepotewa na kumbukumbu. Mara mbili alikutwa katikati ya barabara amevaa nguo za kulalia, magari yakimpigia honi. "Mama, nisamehe," alimwambia mama yangu. "Watu wanapita hawafungi. Siwezi kukaa mlinzi wa geti mchana kutwa."

Mama alitaka aende kwake wakae, waongee. Mimi nikamkatalia. "Ukienda kuomba," nilimwambia, "umekiri kwamba huna haki. Hiyo njia ni yako kisheria." Nilisema neno *kisheria* kama mwenye kulitunga. Mama alinitazama, akatazama geti, akanyamaza, nami nikadhani nimemshinda kwa hoja.

Kwa hiyo tukawa tunapita nyuma. Mjomba alilaza ubao juu ya mtaro, na mama, mwenye goti bovu, akawa anavuka akishika mkono wangu. Wiki ya tatu aliteleza, akaangukia mkono wake wa kulia. Hakuvunjika, ila kwa muda mrefu hakuweza kuinua sufuria. Kaka yangu alianza kusema kwa simu kwamba mama ahamie kwake, akalale chumba kimoja na wajukuu. Mama, aliyeingia katika nyumba ile akiwa bibi harusi, alimjibu kwamba wajukuu wanakoroma. Lakini usiku ule nilimsikia akipangua kabati, akitenga vitu vya kuchukua na vya kuacha. Tukishindwa, basi nyumba imekwisha. Haikaliki, na haiuziki.

Wakili wangu aliichukua kesi bila malipo. Alikuja nyumbani, akavuka ubao wetu na viatu vyake vya kung'aa, akakaa jikoni, akamfafanulia mama kwa upole. Mtu akiitumia njia katika ardhi ya mwenzake miaka ishirini, waziwazi, njia ile hugeuka haki yake, na kila atakayenunua ardhi ile ananunua pamoja na njia iliyomo. Lakini kuna masharti. Asiwe amepita kwa nguvu. Asiwe amepita kwa kificho. Na asiwe amepita kwa ruhusa, kwa sababu ruhusa ni hisani ya aliyeitoa, na akifa inakufa naye.

"Kwa hiyo ukiulizwa," alisema wakili, "jibu fupi tu. Nilikuwa napita."

"Nilikuwa napita," mama alirudia.

"Hapo hapo. Usiongeze kitu."

Baada ya wakili kuondoka tulifanya mazoezi, mimi wakili wa upande wa pili, yeye shahidi. Nilimbana, akajibu sawasawa. Nilijisifu kwamba nimemfundisha.

Mahakamani aliapa, akakaa, akaweka mikono magotini. Wakili wa nesi alikuwa kijana mpole. Alimuuliza amekaa pale miaka mingapi, akajibu. Alimuuliza kama ujia ulikuwa njia yake pekee, akajibu. Kisha akamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani:

"Na ulipofika kwa marehemu fundi, ulikuwa unafanyaje?"

"Nilikuwa napita," alisema mama.

Nilishusha pumzi.

"Hivi hivi tu? Kwa mtu? Bila kusema neno?"

Mama aligeuka akanitazama. Mpaka leo nakumbuka uso ule. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipokuwa mdogo, alipotaka nirudi barabarani nianze upya.

"Hapana," alisema. "Nilibisha hodi. Kila siku. Naye alinijibu karibu. Siku asiyojibu, sikupita."

Wakili wangu alifunga faili polepole. Hakimu aliacha kuandika. "Hukupita kabisa?"

"Mheshimiwa, siku moja nilibisha mara tatu, kimya, na taa yake inawaka. Mtu akibisha mara tatu bila kujibiwa anaondoka, ndivyo tulivyolelewa. Nikarudi barabarani. Lakini roho ilikataa, nikaenda kumwita mwenye duka, tukaingia pamoja. Tulimkuta fundi amelala chini, pembeni ya cherehani yake. Hospitali walisema tungechelewa kidogo tu, tungemzika. Aliishi miaka tisa baada ya hapo." Alifikiri kidogo. "Kama ningekuwa napita tu, ningempita."

Nesi, aliyekuwa amekaa benchi la mbele, aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nahesabu moyoni kila neno la mama lililotuzika.

Tulirudi nyumbani. Tulipofika kwenye ubao sikumpa mkono mara moja, na jambo hilo limeniuma miaka yote hii. "Neno moja tu, mama," nilisema. "Ulishalisema! Si ungeishia pale? Haukuwa hata uongo!"

"Kijana ameniuliza kama napita kwa mtu bila hodi," alisema mama. "Ulitaka nimjibu kwamba ndiyo? Mimi ni mwizi?"

"Ulitaka nyumba au ulitaka adabu?"

"Nipe mkono," alisema. "Goti linauma."

Hukumu ilisomwa baada ya wiki mbili na haikuchukua hata dakika kumi. Matumizi ya mdai yalikuwa ya hisani, si ya haki. Hisani hiyo ilikoma kwa kifo cha aliyeitoa. Mdaiwa yuko huru kufunga ardhi yake. Nilikuwa nimechapa hukumu nyingi maishani mwangu, nikizisahihisha nukta na mkato, lakini sikuwahi kukaa upande ule zinakoangukia. Mama alimshukuru hakimu. Kisha alimshukuru na karani.

Jioni ile tulikuwa tunafunga vyombo kwenye magazeti. Nilisikia chuma kikigongana, kufuli na mnyororo, halafu hatua kwenye ujia ambao haukukanyagwa kwa miezi mitano. Hatua za watu wawili, moja ikiburuta. Zikakoma mlangoni.

"Hodi," ilisema sauti ya nesi.

Mama aliinua mkono kunizuia, maana alijua nilichotaka kujibu. Lakini kabla hajafungua mdomo, sauti nyingine ikajibu kutoka kulekule nje, nzito na yenye furaha:

"Karibu! Karibu sana!"

Alikuwa mume wa nesi. Amesimama kizingitini kwetu, shati limepigwa pasi, mkono wake ndani ya mkono wa mkewe, anatukaribisha nyumbani kwetu wenyewe. Mama alianza kucheka. Nesi alitaka kuomba radhi, akashindwa, naye akacheka, kisha akalia kidogo.

"Mengi yameshamtoka," alisema alipokaa. "Jina langu linakuja na kuondoka. Hilo halijamtoka." Alimshika mama mkono, ule ulioumia. "Mama, nilifunga geti kwa sababu ya watu wanaopita bila kusema. Sikujua kama una desturi ile. Hukuja kuniambia."

Mama hakunitazama. Angeweza, na ningestahili, lakini hakunitazama.

"Nilikatazwa na mwanasheria wangu," alisema.

Walielewana kabla chai haijapoa. Ufunguo mmoja kwa mama. Akipita abishe hodi, afunge nyuma yake, na nesi ajue ni nani aliyeingia na nani aliyetoka. Ni mimi niliyeharibu raha yao kwa kusema haitoshi. Fundi naye alitoa neno, nilisema, na neno lake limezikwa naye. Safari hii iandikwe, isajiliwe, iingie kwenye hati miliki zote mbili, ili atakayenunua kesho aikute. Nilidhani nesi atakataa. Alishashinda kesi, sheria haimdai chochote. Alinitazama, akasema, "Andika, binti yangu. Mimi nami si wa milele."

Niliichapa mwenyewe. Upana wa njia, urefu wake, mahali inapoanzia na inapoishia, na kwamba inakwenda na ardhi hata wenyewe wakibadilika. Mama aliomba kitu kimoja tu, iandikwe kwamba mpitaji atabisha hodi. Wakili alimweleza kuwa hodi si sharti la kisheria, na kwamba haki ni haki, haiombwi kila asubuhi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema basi hatii kidole. Wakili alivua miwani, akasugua macho, akaniagiza niongeze kifungu cha saba: *Mwenye haki ya njia atatoa taarifa kwa mdomo kila apitapo.* Nilimsomea mama, akasema Kiswahili chake ni kirefu lakini maana yake imo. Akachovya kidole kwenye wino.

Alipita pale miaka kumi na nne mingine. Mume wa nesi alimkaribisha mpaka alipofariki, na baada yake nesi.

Sasa nyumba ni yangu, na jina langu liko kwenye hati. Nimekuwa wakili, nina ofisi na karani wangu, na vijana wakija kuniuliza tofauti ya ruhusa na haki nawajibu vizuri, kwa vifungu. Siwaambii habari ya ubao.

Jana nilirudi nimechoka, mvua inanyesha, mikono imejaa mizigo. Nilifungua geti kwa ufunguo wa mama. "Hodi, mama Nesi, napita."

Kimya. Dirisha lake lilikuwa na mwanga. Njia ilikuwa mbele yangu, imesajiliwa, hatua arobaini na moja, na hakuna hakimu ambaye angenizuia. Niliweka mizigo chini kwenye matope. Nikabisha mara ya pili. Maji yalikuwa yananiingia shingoni. Nikabisha mara ya tatu, kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua, na mkono wangu ulikuwa umeshaanza kutafuta simu.

Ndipo niliposikia ndara zikiburuta sakafuni, taratibu, na kikohozi.

"Karibu, pita," alisema. Kisha, baada ya kitambo, "Bado umesimama hapo? Ulidhani nimekufa?"

"Nilidhani umelala."

"Basi pita, mwanangu, unalowa."

Nikaokota mizigo yangu, nikafunga geti nyuma yangu, nikapita.