Dume wa Marehemu

Kabla hakujapambazuka, kitu kiligonga ubao jikoni. Tok. Kimya. Tok, tok. Bibi Sufu alisikiliza kitandani, kisha akashusha pumzi. Ilikuwa kwato ya mwanakondoo aliyelazwa ndani ya sanduku karibu na jiko. Anayepiga teke bado yu hai.

Alijitupia shali mabegani, akapasha moto kidogo dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza aliyomkamua kondoo mama jana, akamnywesha kwa chupa ya mtoto. Kiumbe chenyewe kilikuwa chepesi kama furushi la soksi, taya la chini fupi kuliko la juu. Msimu ule walikuwa wamekwisha kufa watatu wa namna hiyo.

Sababu aliijua. Daktari wa mifugo alimweleza mwezi uliopita, tena kwa upole, huku akimsaidia kubeba ndoo. Dume mmoja alikuwa zizini mwaka wa tano, anapanda binti zake, na sasa binti za binti zake. "Sufu nzuri peke yake haitoshi, mama," alisema. "Dume abadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, kabla binti zake hawajafika umri wa kupandwa."

Bibi Sufu aliitikia kwa kichwa, akarudi nyumbani, asifanye lolote kwa wiki mbili. Dume yule marehemu mumewe alimlea kwa chupa tangu siku ya kwanza. Kumtoa aliona kama kufungasha nguo za marehemu mara ya pili. Hata alipompigia simu wifi yake, dada wa marehemu, wakakubaliana kubadilishana madume, aliomba moyoni gari la wifi lipate pancha.

Gari halikupata pancha. Jua lilipochomoza, pikapu ilisimama getini, na nyuma yake dume mgeni, mweusi usoni, alikuwa akitafuna nyasi kavu bila wasiwasi.

"Hodi humu," wifi aliita. Hakuwa amekanyaga pale tangu mazishi. "Au mpaka nilete mchumba ndipo nifunguliwe?"

"Mchumba mwenyewe sura kama yako."

"Basi mzuri. Wako yuko wapi?"

Bibi Sufu aliinama akajifanya anafunga kamba ya kiatu. "Mguu unamsumbua. Anachechemea. Labda tungoje mwezi ujao."

Wifi hakubishana. Aliingia zizini, akamshika dume kidevu kwa mkono mmoja na paja kwa mwingine, akamgeuza, akamkalisha kitako kama mteja kwa kinyozi. Alikwangua tope kwato moja baada ya nyingine, akanusa katikati ya vidole vya kwato kutafuta harufu ya kuoza.

"Kwato hizi zinaweza kupiga kwata mbele ya rais," alisema. "Wifi yangu, umeanza uongo uzeeni."

"Nilianza zamani. Kaka yako ndiye aliyekuwa akiniamini."

Wifi alicheka mpaka dume akamponyoka. Walipotulia, Bibi Sufu aliuliza lile alilokuwa akiliogopa.

"Utamchinja?"

"Misimu miwili ana kazi kwangu. Nina majike kumi na wanane, sufu yao ngumu kama ufagio. Baada ya hapo, meno yakimwisha, siwezi kukuahidi. Sisi ni wafugaji." Alijifuta mikono kwenye gauni. "Ila siku hiyo nitakupigia kabla, si baada."

Bibi Sufu angeweza kudanganywa kirahisi asubuhi ile, na wifi alikuwa ameamua kutomdanganya.

"Kuna mgonjwa huko ndani?" wifi aliuliza, aliposikia tok, tok kutoka jikoni.

Jikoni, wifi alipasha viganja vyake juu ya jiko kabla ya kumgusa mwanakondoo. Bibi Sufu aliliona hilo. Kisha wifi akamtia mwanakondoo kidole mdomoni.

"Kuna joto, na ananyonya. Huyu ataishi. Lakini usimzalishe. Mnenepeshe awe nyama, taya hili lisiendelee kwenye kundi."

Walimpeleka kwa mama yake. Wifi alipiga magoti kwenye majani makavu, akapunguza kwa mkasi manyoya yaliyofunika kiwele, ili mtoto asipotee akitafuta chuchu. Mwanakondoo alikosa mara mbili, akapata. Mkia ukaanza kutikisika. Hakuna aliyemwomba wifi kufanya kazi ile. Alikuja kubadilisha dume tu.

Bibi Sufu akasimama, akachukua kamba ukutani. Alimfunga dume wake mwenyewe, akamwongoza hadi kwenye pikapu. Dume alipokataa kupanda, alimsukuma kwa bega, kama alivyozoea kumwona mumewe akifanya.

Dume mgeni, aliyekwisha kushushwa, Bibi Sufu alimwingiza kwenye banda la pembeni, peke yake.

"Wiki tatu," wifi alimkumbusha. "Kama ana kikohozi au upele tujue mapema, kabla hajawaambukiza wengine. Halafu mwachie majike. Hesabu miezi mitano ya mimba, uandae maziwa."

"Najua kuhesabu."

"Najua unajua. Nasema tu nisiondoke haraka."

Wifi alipanda garini akawasha injini. Nyuma, dume wa marehemu alikuwa ameshaanza kula nyasi zilizobakishwa na mwenzake. Bibi Sufu alishika kioo cha dirisha kilichoshushwa nusu, asikiachie.

"Wifi," alisema, "safari nyingine usingoje mpaka kondoo waharibike. Njoo hata kama huna shughuli. Njoo tu tukae."