Pleti Nyeusi za Odera

Nabiswa ana meno mazuri, hilo silikatai. Lakini mtu akicheka tangu asubuhi mpaka chakula cha mchana, na anachochekea ni difu ya gari, gia tu za kuzungusha matairi ya nyuma, huyo ana lake jambo.

Kila Jumamosi fundi huyu wa kike alikuja kwetu Kaloleni na pikapu yake kutoka Njiru, amevaa ovaroli iliyomkaa vizuri kuliko gauni langu la kanisani. "Sasa, shem!" ananiita akipita mlango wa jikoni. Shem wa wapi? Mume wangu hana dada huko kwao Bungoma.

Odera, mume wangu, ni karani wa kaunti. Wiki nzima anarudi nyumbani kimya. Ukimuuliza habari za kazi anasema salama, ukimuuliza tena anawasha redio. Ikifika Jumamosi, akishachuchumaa na Nabiswa kando ya ile Toyota DX kuukuu tuliyoiinua juu ya mawe nyuma ya nyumba, maneno yanamtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Anasimulia difu ya kawaida ilivyo ya kijinga, kwamba tairi moja likikwama topeni linazunguka bure na mwenzake anakaa tu. Hii yake ina pleti ndani, zimepangwa moja juu ya nyingine, na zikibanana matairi yote mawili yanavuta. Zile za zamani zimelika, ndiyo maana wanaijenga upya. Hayo yote niliyajua kwa kusikiliza dirishani nikikatakata mboga za sukuma. Mimi mwenyewe hakuwahi kunieleza hata spana.

Niliona wivu, tena wivu mkali. Wala sikudhani kuna mambo ya chumbani. Ningedhani hivyo, ningejua la kufanya. Nilichotaka ni yale maneno. Nilitaka Odera aongee nami vile, hata kama ni habari za oili.

Jumamosi iliyopita walikwenda kutafuta oili ya difu, wote wawili, kwa pikapu moja, eti wanarudi sasa hivi. Pleti mpya walikuwa wameziloweka kwa oili kidogo iliyobaki, ndani ya beseni langu. Nikaenda kuchungulia. Nyeusi tititi! Nikasema, kumbe huyu mwanamke na ujuzi wake wote anataka kumfungia mume wangu masizi ndani ya gari?

Kwetu sufuria za mwanamke husemwa kabla ya mwenyewe. Mama alinifundisha kusugua mpaka mgeni aone uso wake. Nikachemsha maji, nikaleta sabuni, mchanga na waya wa kusugulia, nikakunja mikono. Ule weusi ulikuwa mkaidi, lakini ulikuwa haujakutana na mimi Awiti. Nikazipanga pleti zote kwenye rafu ya vyombo, zinameremeta juani. Nikafunga leso safi, nikangoja. Nilishamsikia kabisa Odera akisema, Nabiswa, hebu ona kazi ya mke wangu.

Walirudi wakicheka. Odera alipoiona rafu, kicheko kikakatika. Akachukua pleti moja, akaipitisha kidole.

"Awiti, ile kitu nyeusi iko wapi?"

"Masizi? Nimetoa yote."

"Haikuwa masizi. Hiyo nyeusi ndiyo inashikanga. Bila hiyo ni chuma tu, inateleza."

Afadhali angenifokea. Kufokeana tunajua sote wawili, na mimi huwa sishindwi. Lakini alikaa tu juu ya tairi, kichwa chini. Aliyesema ni Nabiswa, tena kwa huruma.

"Odera, tutapata zingine. Usimkasirikie shem, alikuwa anataka kusaidia tu."

Hapo nikawaka. Nani amemtuma anitetee kwa mume wangu, tena nyumbani kwangu?

"Wewe nyamaza!" nikamwambia. "Nimempikia huyu kabla hujamjua!"

Akaanza kuokota vifaa kwa heshima. Hata hiyo heshima yake iliniudhi. Odera akainuka.

"Zingine zikipatikana, tutaijengea kwako Njiru," akamwambia. "Hapa naona..."

Wakaibeba difu, huyu upande huu na yule upande ule, wakaipakia kwenye pikapu pamoja na spana zote. Mimi nimesimama mlangoni na leso yangu safi.

"Jumamosi nami nije?" nikauliza. Sauti ilitoka ndogo, hata sikuitambua.

Odera akanishika bega. Ana siku nyingi hajanishika bega.

"Hapana, mama. Wewe pumzika. Hii difu imekusumbua ya kutosha."

Akapanda mbele kando ya Nabiswa, akafunga mlango. Kioo kilikuwa wazi, na kabla pikapu haijatoka langoni tayari alikuwa anaongea.