Magoti ya Dominika

Kila Jumapili, kengele ya komunyo ilipolia, Dominika alisogeza magoti yake pembeni ili wenzake wapite. Alikaa benchi la mwisho, ukingoni penye njia, kwa hiyo benchi zima lilimpita yeye. Wengine walimkanyaga na kumwomba radhi kwa macho. Kwa miaka mingi magoti yale yalikuwa yamezoea kazi yao. Yalijikunja yenyewe kabla kichwa hakijakumbuka.

Alikuwa ameishi na Sirili bila ndoa ya kanisani. Sirili alikuwa na mke wa pete aliyekwenda Tanga asirudi, na ndoa haifi kwa sababu mtu kahama. Kanisa lilisema hivyo, Dominika akakubali. Lakini Sirili naye alikwisha kufa, mwaka ule watu wa Kibosho walipoanza kung'oa kahawa na kupanda nyanya, na katekista Theodory alimwambia waziwazi, "Sasa hakuna kizuizi, mama. Nenda kaungame."

Hakwenda. Alijiona hafai. Badala yake alijitungia amri zake mwenyewe: alifunga Jumatano na Ijumaa, alifagia kanisa, alikataa hata kuketi mbele kwenye misiba. Kila alipotimiza moja aliona kuna nyingine. Jioni alipika ndizi za mtu mmoja, akazila akikitazama kiti cha Sirili, na upweke ulimwuma kuliko njaa ya mfungo.

Mwishowe alichoka. Jumamosi moja alichuma jani la isale mpakani mwa kihamba, shamba lake la migomba, akalificha chini ya kanga, akaenda kupiga magoti kwenye kiti cha maungamo. Padri Basili alikuwa mgeni, kijana wa kutoka Sumbawanga. Dominika alimaliza kutaja dhambi zake, kisha akajaribu kulipenyeza jani kwenye matundu ya wavu. Likakwama.

"Ni nini hicho, mama?"

"Isale, Baba."

"La kufanyia nini?"

Alimshangaa mtu mzima asiyejua isale. "Huku kwetu, aliyekukosea akikuletea jani hili, unamsamehe."

"Hata kosa likiwa kubwa?"

"Hata la damu. Hupimi. Ukilipokea tu, yamekwisha."

"Na nikikataa?"

"Halikataliwi, Baba!" Alisema kwa ukali, kama anayemfunza mtoto adabu. "Nani wa kukataa isale?"

Dominika akajisikia alivyosema, akaona haya, halafu akalia. Mkono wa Padri ukatokea pembeni mwa pazia, ukalipokea jani. Ndipo maneno ya maondoleo yakafuata, polepole.

Kesho yake jani lilikuwa ndani ya chupa ya maua, karibu na altare. Kanisa zima liliona.

"Nani kagombana na Padri?" mtu alinong'ona.

Dominika aliinamisha kichwa. Ilikuwa zamani sana tangu alipotaka kucheka kanisani.

Kengele ikalia. Magoti yakajikunja kama kawaida. Yuditha, jirani yake wa benchi, akasimama, akainua mguu ampite, akasita. Dominika alikuwa ameshika benchi la mbele kwa mikono miwili, si wa kukaa, si wa kusimama.

"Unakwenda, au nipite?" Yuditha aliuliza kwa sauti ya chini.

Nyuma yake wengine walikuwa wakisubiri. Dominika alilitazama lile jani kule mbele. Magoti yake yalikuwa yamekwisha kunyooka.