Mkebe wa Mwisho

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalitanguliza hilo nisije nikapokonywa.

Barabara yetu kuu ilikuwa na sinema mbili, ya juu na ya chini. Leo ya juu ni duka la vigae, ya chini ni duka la dawa. Mwenye sinema hizo alikuwa mmoja, bahili hata wa kucheka, akikodi nakala moja ya filamu kwa sinema zote mbili. Mkanda ukiisha juu, nautia kwenye mkebe, narukia baiskeli, nateremka nao chini. Nikichelewa, ukumbi mzima unamtukana mama yangu kwa sauti moja, kama kwaya iliyofanya mazoezi.

Jumamosi moja nikakosea mkebe wa mwisho. Niliobeba ulikuwa wa filamu ya wiki inayofuata. Mchezaji yule yule, sharubu zile zile. Juu, shujaa akala risasi saba akafa, watu wakatoka wanafuta macho. Chini, alipanda farasi na vumbi lake, akashuka kwenye motokaa na suti, akaoa. Wakapiga makofi. Hakuna aliyeuliza farasi kaenda wapi, nami nikauchuna.

Miaka thelathini na moja baadaye, fundi cherehani, baba wa mchumba wa binti yangu, akaja kwangu tupange siku ya harusi. Msemaji wetu ni kaka yangu mkubwa, kinyozi. Asiposema yeye, hakuna linalokwenda. Mambo yalikuwa yameiva, imebaki tarehe tu, fundi akataka kunogesha. Akasema vijana na waoane kwa raha kama yule shujaa wa sinema yetu.

Kaka akaweka kikombe chini. Akauliza kwa upole ni shujaa yupi, maana anayemjua yeye alikufa mbele ya macho yake.

Fundi akasema suti ya harusi aliiona, hata kola ilishonwa vibaya. Kaka akasema maiti aliiona, hata sharubu zilikuwa hazilingani. Halafu akatamka kwamba hampeleki mtoto kwenye nyumba inayooza wafu. Fundi akajibu kwamba naye hachukui mke kwa watu wanaoua bwana harusi, akaanza kutafuta viatu vyake. Binti yangu alikuwa mlangoni, kashika birika, chai inapoa.

Wakanigeukia: wewe ndiye uliyebeba, sema.

Nikasema. Nikaeleza mkebe, farasi, motokaa, nikidhani nimewaokoa. Kumbe nimewapatanisha dhidi yangu. Kaka akasema mimi ni mwongo tangu sijaota meno. Fundi akasema hawezi kuwa alidanganywa miaka yote hiyo na mtu wa baiskeli isiyo na kengele. Wakaafikiana, kwa mara ya kwanza siku ile, kwamba hakuna harusi mpaka filamu itafutwe na itazamwe yote, familia zote mbili zikiwepo, kwenye ukuta ule ule wa juu. Nikawaambia filamu haipo, mwenye sinema hayupo, na ukuta wenyewe una vigae.

"Vigae hubanduliwa," akasema kaka. Fundi akatikisa kichwa kukubali.

Binti akaingia, akatua birika mezani katikati yao.

"Baba mkubwa, kama alikufa, ameshaoza. Kama alioa, ana wajukuu. Hapa ambaye hajafa wala hajaolewa ni mimi."